Saa 24 za Kwanza: Mhadhara kwa Wakunga na Watoa Huduma wa Kanda ya Ziwa, Mwanza

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za asubuhi. Kwenye ratiba nimepangiwa familia za virusi vya DNA na magonjwa yake kwa binadamu. Familia hizo ziko kadhaa na nitazigusa. Ila mlionisikia kabla ya leo mnajua nitakwama wapi: kwenye homa ya ini B. Nitakwama tena, maana bado mtoto anazaliwa Ijumaa usiku na friji yenye chanjo anayotakiwa kuipata ndani ya saa 24 imefungwa mpaka Jumatatu.

Kirusi hiki ni cha familia ya hepadna. DNA yake ni fupi mno, herufi 3,200 hivi, imekaa kama pete ambayo uzi wake mmoja haujakamilika. Kikishaingia kwenye seli ya ini, vimeng'enya vya seli yetu wenyewe ndivyo vinavyoishona pete ikatimia, ndani kabisa kwenye kiini. Pete hiyo inatoa RNA, yaani nakala ya maelekezo yake, na RNA inageuzwa tena kuwa DNA ya virusi vipya. Hatua hii ya kugeuza inafanana na ya virusi vya UKIMWI, ndiyo maana dawa ya tenofovir inatibu vyote viwili. Lakini tenofovir inazuia kugeuza tu, pete yenyewe haiguswi. Mgonjwa anameza kidonge miaka na miaka, na akiacha ovyo ugonjwa unaweza kulipuka. Kwa hiyo mgonjwa wa ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, usimwondoe kwenye tenofovir kabla hujajua hali yake ya ini B.

Sasa hesabu ninayoirudia kila mwaka. Mtu mzima akiambukizwa, chini ya 5 kati ya 100 ndio wanaobaki na kirusi mwilini. Mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, wanabaki nacho takriban 90 kati ya 100. Kirusi ni kilekile. Kinga ya mtoto ndiyo inayokipokea kama mwenyeji badala ya kupigana nacho.

Najua yupo anayewaza: mwaka 2023 Marburg ilikuwa Kagera, hapo jirani tu, na wewe unatuletea ini B? Marburg ni kirusi cha RNA, kinaua ndani ya siku chache na wilaya nzima inasimama. Ini B inangoja miaka 20, 30. Halafu anashushwa kwenye mtumbwi mvuvi wa miaka 38, macho ya njano, mikono imekonda, tumbo limejaa maji, na ukipapasa chini ya mbavu za kulia unakutana na kitu kigumu chenye mabonge: saratani ya ini. Hapo hatuna kikubwa cha kumpa. Chanjo yake ilitakiwa siku aliyozaliwa.

Mwingine atasema tumbo kujaa huku ziwani ni kichocho. Ni kweli, kichocho cha tumbo kinalifanya ini kuwa gumu, wengu unavimba, mtu anatapika damu. Mpe prazikwanteli, dawa ya kichocho. Ila kuwa na kichocho hakumkingi mtu na ini B, na wapo wenye vyote viwili. Pima. Kipimo cha haraka ni tone la damu ya kidoleni na dakika chache za kusubiri.

Haya, leba, chumba cha kujifungulia. Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu 2009 kila mtoto apate dozi ya kwanza ndani ya saa 24. Mnanijibu pentavalenti ipo, ile chanjo ya magonjwa matano yenye ini B ndani yake. Ipo, ni nzuri, lakini inaanza wiki ya 6, na haichomwi mapema zaidi ya hapo. Dozi ya kuzaliwa ni chanjo ya ini B peke yake. Futa damu ya mama kwenye ngozi ya mtoto kwanza, ndipo uchome paja kwa mbele upande wa nje, ndani ya msuli. Takoni hapana. Na chanjo ikae mahali ambapo mkunga wa zamu ya usiku ana ufunguo.

Kinachoiharibu chanjo hii zaidi ni baridi kali. Joto inalivumilia kiasi. Barafu inaiua, maana inaganda kwenye nyuzi nusu hivi chini ya sifuri na chumvi ya aluminiamu iliyomo inashikana mabonge. Wanaopeleka visiwa vya Ukerewe na Ukara kwa boti, nisikilizeni: vibarafu, zile pakiti za maji yaliyogandishwa, vikitoka friza usivitie kwenye kibebeo hapohapo. Viache mezani hadi ukivitikisa usikie maji yanacheza ndani. Ukiwa na shaka, chukua chupa ya toleo lilelile uigandishe makusudi, iyeyushe, itikise pamoja na ile ya mashaka, kisha ziweke wima kwenye mwanga. Ya mashaka ikituama haraka kama iliyogandishwa, usiitumie.

Mama akikutwa na kirusi hiki, usimwandikie "B+" kwenye kadi. Mwenzako wa zamu atasoma kundi la damu. Andika neno zima: homa ya ini B, anacho. Apimwe wingi wa virusi. Ukizidi yuniti za kimataifa (IU) 200,000 kwa mililita ya damu, aanze tenofovir kuanzia wiki ya 28. Kunyonyesha anyonyeshe. Kupasuliwa kwa sababu ya ini B peke yake, hapana. Mumewe na watoto wakubwa wapimwe, na wembe kila mtu awe na wake: kirusi hiki kinaishi nje ya mwili siku 7 au zaidi. Na ninyi wenyewe, dozi 3, mwezi 0, 1 na 6. Mnashika sindano kila siku.

Naona mwenyekiti anaangalia saa. Basi familia nyingine mbiombio.

Herpes: humo kimo kirusi cha Epstein-Barr, kilichogunduliwa 1964 kwenye uvimbe wa taya za watoto, saratani ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza akiwa Uganda. Malaria ya mara kwa mara inakisaidia kirusi hicho, na sisi tunayo. Taya ya mtoto ikivimba na meno kulegea, usimng'oe jino na kumrudisha nyumbani. Mpeleke hospitali ya Bugando hapa Mwanza wiki hiyohiyo, kwa sababu uvimbe huu unakua upesi na dawa zinaufaa sana ukiwahiwa. Kirusi kingine cha familia hiyo ndicho chanzo cha saratani ya Kaposi.

Papiloma: aina 16 na 18 zinasababisha takriban 70 kati ya 100 ya saratani za mlango wa kizazi. Mabinti wachanjwe. Ukipima kwa kupaka siki kwenye mlango wa kizazi, subiri dakika nzima kabla ya kusema hamna kitu.

Poksi, familia ya mpox, nitaiacha leo.

Parvo B19 siwezi kuiacha, kwa sababu ya selimundu (siko seli) yetu huku ziwani. Kinashambulia seli changa za damu kwenye uboho, ndani ya mifupa. Mtoto wa selimundu anakuja mweupe ghafla, wengu haujavimba kuliko kawaida yake. Chukua damu ya kuhesabu retikulosaiti, yaani seli nyekundu changa zinazotoka kwenye uboho, kabla hujamwongeza damu. Zikiwa karibu hazipo, uboho umesimama. Mwongeze damu, mtenge, na muuguzi mjamzito asipangwe kwake, kirusi hiki kinaweza kumfikia mtoto tumboni.