Tuingoje Gemu Mpya Mwaka Wake wa Pili: Mhadhara kwa Vijana wa Lamu

Wazee wetu, walimu, na nyinyi vijana mliojaa ukumbi huu, assalaam alaykum.

Nimeombwa nizungumzie gemu za mtandaoni za kuigiza uhusika, yaani zile ambazo maelfu ya watu huingia katika ulimwengu mmoja kwa wakati mmoja, kila mchezaji akimkuza mhusika wake kwa miezi na miaka. Vijana huniuliza kama hii mpya inayosifiwa sasa itaishinda World of Warcraft. Mimi naona sifa za kabla ya ufunguzi hazitwambii lolote. Tuingoje mwaka wake wa pili.

World of Warcraft ilitoka Novemba 2004, na kufikia 2010 ilikuwa na watu milioni 12 wanaoilipia. Wakati huo wote zimekuwa zikitangazwa gemu za kuiua. Warhammer Online ilitoka 2008 ikafungwa 2013; WildStar ilidumu kuanzia 2014 hadi 2018. Star Wars: The Old Republic ilipata wanachama milioni moja katika siku zake tatu za mwanzo, Desemba 2011, na kabla ya mwaka kutimia wenyewe wakawafungulia watu wacheze bure. New World ilikusanya wachezaji zaidi ya laki tisa kwa mpigo katika wiki zake za mwanzo, 2021, na baada ya miezi michache wengi wao walikuwa wameshaondoka.

Video ya matangazo huonyesha mapigano na mandhari, ila haiwezi kuonyesha mchezaji atafanya nini akishafika ngazi ya juu kabisa, na huko ndiko gemu nyingi changa huwa tupu.

Final Fantasy XIV ndiyo inayonivutia kuliko zote. Ilipotoka Septemba 2010 ilikuwa mbovu hata kampuni ikaomba radhi hadharani, kisha ikamkabidhi Naoki Yoshida kazi ya kuijenga upya. Hawakuizima kimyakimya: mwezi mwekundu ulizidi kukua angani mwa gemu yenyewe, hadi Novemba 2012 ukaporomoka, joka likatoka ndani yake likaunguza ulimwengu ule wote, na Agosti 2013 ukafunguliwa mpya. Leo ni miongoni mwa gemu kubwa za aina hii, na heshima hiyo imetokana na matengenezo, si tangazo.

Hapa kwetu kuna gharama nyingine. Mpwa wangu wa Langoni alikesha siku nne akipakua gemu mpya, bando la usiku likiisha angoje lijalo. Usiku wa ufunguzi tulikaa pamoja tukitazama kioo kilichosema ana watu zaidi ya elfu tatu mbele yake kwenye foleni ya seva. Namba ikawa inapungua taratibu, kisha karibu na adhana ya alfajiri mtandao ukakatika, akarudishwa mwisho wa foleni.

Sasa anacheza Old School RuneScape kwenye simu. Sura yake ni ya kizamani, lakini haili bando, na chama chake kina wenzake watatu wa Mombasa wanaokutana humo kila baada ya Isha. Kwa hiyo akinitajia gemu mpya, swali langu la kwanza ni kama wale watatu nao wanahamia.