Ng'ombe Hajui Sabato: Kuanzishwa kwa Kijiji cha Tirat Zvi

Mabibi na mabwana, kijiji cha Kiyahudi cha Tirat Zvi kilianzishwa tarehe 30 Juni 1937 katika Bonde la Beit She'an, kaskazini mwa Israeli ya leo, zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari, karibu na Mto Yordani. Palestina ilikuwa mikononi mwa Waingereza na uasi wa Waarabu ulikuwa bado haujaisha, kwa hiyo jambo la kwanza kusimamishwa lilikuwa ukuta na mnara wa ulinzi, si nyumba. Februari 1938 kijiji kilishambuliwa. Joto la huko nalo ni la kutisha: nyuzi 54 zilizorekodiwa Juni 1942 zinabishaniwa na wataalamu hadi leo, ingawa wakulima wa mitende wa pale hawaoni cha kubishania.

Waanzilishi walikuwa vijana washika dini, wengi wao kutoka Ujerumani na Poland, na jina la kijiji walilichukua kwa Rabi Zvi Hirsch Kalischer, ambaye mwaka 1862 aliandika kuwahimiza Wayahudi warudi kulima katika nchi hiyo. Waliishi kwa ushirika: mali ya wote, chakula cha chungu kimoja, sala kwa pamoja.

Mimi naona mtihani wao mkubwa haukuwa ukutani bali zizini. Sheria ya Kiyahudi inakataza kukamua siku ya Sabato, siku ya mapumziko inayoanza Ijumaa jua linapozama, lakini ng'ombe asiyekamuliwa hujaa kiwele mpaka akalia kwa maumivu, na sheria hiyo hiyo inakataza kumtesa mnyama. Desturi ya zamani ilikuwa kumwomba asiye Myahudi akamue. Lakini hawa walikuwa wameapa kuishi kwa jasho lao wenyewe, na dini inayohitaji mikono ya jirani ili itimie waliiona ina upungufu. Njia nyingine iliyoruhusiwa ilikuwa kukamua maziwa yamwagike chini, jambo linalomuuma mkulima yeyote, maskini zaidi. Hatimaye vijiji vya aina hii vilipata ufumbuzi kwenye mashine: mkamuaji huvalisha chuchu vikombe umeme ukiwa umezimwa, kisha husubiri kando, na saa iliyotegwa tangu Ijumaa kabla ya jua kuzama ndiyo inayouwasha.