ANKRD1: jeni inayopanda moyo ukielemewa

Mabibi na mabwana, jeni ya ANKRD1 imo kwenye mkono mrefu wa kromosomu ya 10. Protini yake, CARP, ni ndogo tu: asidi amino 319, uzito wa kilodaltoni 36 hivi. Ndani ya seli ya moyo hujishikiza kwenye titini, ile protini inayonyumbuka kama springi, katika sehemu iitwayo N2A. Seli ikivutwa kupita kiasi, CARP huongezeka, na nyingine huonekana ndani ya kiini, ambako inaweza kupunguza usomaji wa baadhi ya jeni za moyo.

Mbane panya aota, mshipa mkuu utoao damu moyoni, ili moyo wake usukume damu kwa nguvu zaidi, na RNA ya ANKRD1, yaani nakala ya jeni inayotumika kuunda protini, itapanda. Katika mioyo ya binadamu iliyoshindwa kazi pia imekutwa juu. Basi wengine hukimbilia kusema CARP ndiyo inayouharibu moyo. Taratibu! Panya walioondolewa jeni hii pamoja na ndugu zake wawili, ANKRD2 na ANKRD23, walizaliwa wazima, na mioyo yao ilipobebeshwa mzigo ilinenepa kama ya wenzao. Kupanda kwake kunatuambia moyo umeelemewa. Nani kauelemea ni swali jingine.

Kwa wagonjwa nako tahadhari ni ileile. Mabadiliko ya ANKRD1 yamepatikana kwa baadhi ya wenye moyo uliotanuka au ulionenepa, lakini ushahidi bado mwembamba. Maabara ikijibu kwamba maana ya badiliko haijulikani, usilitumie kumwambia ndugu wa mgonjwa kuwa yu salama. Mpime moyo kwa ekokardiografia, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti.

Mnaopima RNA, gandisheni kipande cha moyo papo hapo kwa nitrojeni ya kimiminika, kisha kihifadhiwe kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Kikichelewa mezani, vimeng'enya huivunja RNA. Msichanganye atria (vyumba vya juu vya moyo) na ventrikali (vyumba vya chini). Msitegemee GAPDH peke yake kama jeni ya kulinganishia, kwani nayo huweza kuyumba moyo ukiwa taabani. Tumieni mbili au zaidi. Kwenye kipimo cha protini, ambapo kila protini huonekana kama mstari kulingana na ukubwa wake, kingamwili isiyo makini huweza kushika ANKRD2, na ukubwa wao unakaribiana, kwa hiyo mstari mnaouona huenda si wa CARP. Wekeni pembeni sampuli ya panya asiye na ANKRD1: mstari ukijitokeza hapo pia, badilisheni kingamwili.