Ligi ya Japani ya 1965: Mechi 14 Badala ya Mtoano

Mabibi na mabwana, tuanze na Jumapili ya tarehe 6 Juni 1965, siku Ligi ya Soka ya Japani ilipopulizwa filimbi yake ya kwanza. Kabla ya hapo timu za makampuni zilitegemea mtoano: zinakusanywa mji mmoja, zinacheza mfululizo kwa siku chache, anayefungwa anafungasha virago. Kasoro yake ni ya hesabu tu. Anayetolewa mapema anaondoka na mechi moja ngumu. Anayefika fainali anaifikia miguu imekwisha. Dettmar Cramer, Mjerumani aliyekuja kuwanoa Wajapani mwaka 1960, aliliona hilo, na baada ya Olimpiki ya Tokyo, ambako Japani iliifunga Argentina 3-2, akashauri: undeni ligi, somesheni makocha, pandeni nyasi viwanjani.

Zikaingia timu 8: Toyo Kogyo, Yawata, Furukawa, Hitachi, Mitsubishi, Yanmar, timu ya kiwanda cha mashine za kufumia cha Toyoda, na ya benki moja ya Nagoya. Nyumbani na ugenini, kila timu mechi 14, jumla 56. Ushindi pointi 2, sare 1.

Kazi ilikuwa safari. Wachezaji walikuwa wa ridhaa, waajiriwa wenye zamu na meza zao. Shinkansen, reli ya treni za kasi iliyofunguliwa Oktoba 1964, ilitoka Tokyo ikaishia Osaka; Hiroshima ilifikiwa mwaka 1975. Kwa hiyo Toyo Kogyo wa Hiroshima (ndiyo Mazda ya leo) wakienda Tokyo kwa reli, sehemu ya kwanza ya njia, hadi Osaka, ilikuwa treni ya kawaida. Yawata, huko Kitakyushu, walikuwa mbali zaidi.

Na bado ni hao wawili wa mbali waliomaliza juu! Toyo Kogyo ya kocha Yukio Shimomura ilishinda 12, ikatoka sare 2, haikufungwa hata moja: pointi 26. Kwa hesabu ya siku hizi zingekuwa 38. Yawata wakawa wa pili, kisha wakafungwa tena na wababe haohao, 3-2, fainali ya Kombe la Mfalme. Mfungaji bora, Mutsuhiko Nomura wa Hitachi, alipachika 15.

Wengi humtafuta Kunishige Kamamoto, mshambuliaji maarufu wa Japani, kwenye orodha hiyo ya wafungaji. Hamtampata. Mwaka ule alikuwa bado Chuo Kikuu cha Waseda. Yanmar walimpata 1967.