Chumba cha Vitanda Vinne

SALUM: Wasikilizaji wetu, karibuni tena. Tuko Sinza, feni tumeizima ili isivume kwenye kipaza sauti, na joto la Dar mnalijua. Ila leo nina furaha, maana kiti cha pembeni kina mwenyewe. Dada Rehema, karibu nyumbani.

REHEMA: Ahsante sana, kaka Salum. Nimekuja wiki mbili, nimwone mama na nimalizie vitu vilivyobaki. Kisha narudi Gaborone.

SALUM: "Narudi." Wakati ule ulikuwa unasema "naenda".

REHEMA: Eeh. Hata mama kaisikia hiyo, akanyamaza kidogo.

SALUM: Sasa tuambie. Shemeji alipata mkataba wa kazi Botswana, sote tukajua mtapanda ndege. Mara tunasikia mko Mbeya!

REHEMA: Yote yalianzia dirishani, stesheni ya TAZARA. Tulikuwa na wiki tatu kabla ya kazi kuanza. Mume wangu akasema twende kwa treni hata Mbeya tu, tuiage nchi, halafu turudi tupande ndege. Pale dirishani tukaambiwa wanaume wana vyumba vyao na wanawake vyao. Mke na mume mkitaka kulala pamoja, nunueni chumba kizima. Na daraja la kwanza chumba kina vitanda vinne.

SALUM: Kwa hiyo viwili vinabaki.

REHEMA: Vinabaki vitupu, na vimeshalipiwa! Nikampigia shoga yangu palepale. Mume wangu akampigia rafiki yake, yule fundi mafriji. "Ijumaa una kazi?" "Kwani vipi?" "Kuna kitanda." Basi. Ijumaa mchana tuko wanne stesheni, na shoga yangu kabeba hotpoti la chapati na mayai ya kuchemsha kama anakwenda msibani. Fundi alikuja na mkoba mdogo. Alisema Jumatatu yuko kazini.

SALUM: Reli ile babangu alikuwa akiisimulia sana. Mwalimu Nyerere na Kaunda, Wachina, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi.

REHEMA: Na ilijengwa kwa miaka mitano tu, 1970 mpaka 1975. Ukitaka kujua ile kazi ilikuwa kazi, kaa dirishani kati ya Mlimba na Makambako. Handaki, daraja, handaki tena. Unapita gizani, unatoka unakuta bonde liko chini kabisa, ukungu umelala juu ya migomba. Lakini kabla ya hapo, jioni ya kwanza, tulipita hifadhini. Jua linazama, twiga wamesimama, wala hawashtuki. Chumba chote kikanyamaza. Mume wangu akanishika mkono, akasema, "Kwa ndege tungekuwa tumeshafika." Nikamjibu, "Tungefika na nini?"

SALUM: Mbeya sasa. Fundi arudi kazini.

REHEMA: Fundi alirudi wapi! Usiku tumekaa kwenye baridi ile tunakula ndizi nyama, akauliza, "Kwani kutoka hapa Tunduma ni mbali?" Kama kilomita 100. "Na pasipoti ninayo mkobani." Shoga yangu naye anayo. Tukaangaliana. Ila wazoefu wa mpaka wakatuambia tutadaiwa kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, na ya Fundi iko Tabata, ndani ya droo.

SALUM: Hapo safari imekufa.

REHEMA: Imekua! Mama yake akatoka Kibaha kwenda kuitafuta, akaifunga kwenye bahasha, akampa kondakta wa basi pale Mbezi. Ilituchukua siku tatu kuipata. Na siku zile tatu ndizo zilizotupeleka Matema.

SALUM: Ziwa Nyasa.

REHEMA: Kaka, nina miaka thelathini na sita, nimezaliwa Temeke, sikuwahi kuliona. Maji yanapiga mchangani kama ya bahari, ukionja hayana chumvi, na Milima ya Livingstone imeshuka hadi majini. Kuna soko la vyungu. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe wanavileta kwa mitumbwi, vimepangwa na nyasi katikati visigongane. Nikanunua kimoja cha udongo mwekundu, mdomo mpana, chini mviringo hakisimami bila kata. Mama aliyeniuzia akakigonga kwa kidole cha kati, akaniambia sikiliza. Kililia kama kengele. "Kikilia hivi, hakina ufa."

SALUM: Ukakibeba mpaka Botswana?

REHEMA: Kwenye khanga mbili, kwa zamu mapajani. Kutoka Nakonde, upande wa Zambia ukivuka Tunduma, mpaka Lusaka ni kama kilomita 1,000 za basi. Kila alfajiri shoga yangu anakigonga, tunasikiliza, kisha anatupa habari: "Kizima."

SALUM: Na Maporomoko ya Victoria? Mosi-oa-Tunya?

REHEMA: Tulilowa chapachapa, picha zipo. Mimi lililonigusa ni daraja la Kazungula. Lilifunguliwa 2021, lina urefu wa mita 923 kuvuka Zambezi, na limepinda, maana Zambia na Botswana zinagusana pembamba sana pale, ilibidi liikwepe Zimbabwe. Tumefika katikati, Fundi akasema, "Rehema, nyuma yako hakuna tena mtu anayekuita dada." Nikalia. Sikulia Dar, sikulia Tunduma. Nililia pale.

SALUM: Pole, dada.

REHEMA: Nilihitaji kulia na watu wangu. Wengi wanaohamia nje hulia peke yao, chumbani, wiki ya pili.

SALUM: Kweli kabisa. Na lugha ulianzaje?

REHEMA: Njiani! Botswana kuna vizuizi vya mifugo. Unashuka, unakanyaga dawa kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo, na mizigo inatazamwa. Askari akafunua khanga, akasema, "Pitsa." Fundi akamjibu hatuna piza, tuna chungu tu! Kumbe kwa Kitswana chungu ni pitsa. Nyama ni nama, maji ni metsi, mtu ni motho. Nikaona hapa nitaweza.

SALUM: Walikaa siku ngapi Gaborone?

REHEMA: Nne. Fundi alifunga mapazia, akakagua friji hata kabla hatujaliwasha. Shoga yangu alichagua ukuta wa kuweka meza. Leo nikimpigia nikasema nimekaa jikoni nimechoka, anajua kiti gani, anajua dirisha linatazama wapi. Hilo ndege isingenipa.

SALUM: Na chungu?

REHEMA: Kizima. Tulipikia maharage siku ya mwisho, ila nazi ilikuwa ya kopo, hatukuifurahia. Ndiyo maana safari hii nabeba mbuzi.

SALUM: Mbuzi utabeba, na nazi zenyewe?

REHEMA: Wanakuja nazo Desemba. Shoga yangu, Fundi, na safari hii mama yake Fundi, maana anasema yeye ndiye aliyetoa kadi. Wanatafuta wa kitanda cha nne, kaka Salum. Pasipoti yako inaisha lini?