Baada ya Mlio

Asanteni. Kabla hatujaanza, kijana mmoja amenivuta kando akaniuliza: mwalimu, ninunue bastola ya aina gani? Hilo wauzaji watamjibu vizuri kuliko mimi. Langu ni lile wasilolisema: umeshafyatua, mtu yuko chini, wewe bado umesimama. Sasa je?

Ila nianze na umbali kidogo. Mwaka 1983 Dennis Tueller, askari polisi wa Salt Lake City huko Marekani, aliandika alichokipima: mwenye kisu anamaliza futi 21, yaani mita sita na kitu, kwa sekunde moja na nusu hivi. Muda uleule askari aliyefunzwa anauhitaji kuchomoa bastola na kufyatua. Watu wakakigeuza kipimo kuwa sheria, eti akivuka futi 21 una ruhusa ya kumpiga. Tueller hakutoa ruhusa yoyote. Alionya kwamba kwa umbali huo huenda umeshachelewa. Kuna mlango? Toka. Kuna meza? Iweke kati yenu. Anataka pochi? Mpe.

Haya, mlio umekwisha. Masikio yamezibika, macho yanaona kama unachungulia kwenye bomba, vidole havikutii. Ni adrenalini hiyo, nayo huficha maumivu. Wapo waliopigwa risasi wasijue. Basi jipapase: shingo, kwapa, tumbo, kinena, mapaja, kisha tazama viganja. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, dakika chache tu zinatosha kukumaliza, na gari la wagonjwa laweza kuwa bado njiani. Jeraha likiwa mkononi au mguuni, funga mkanda wa kubana damu sentimita tano hadi saba juu yake, upande wa kiwiliwili, usiufunge kwenye kiungo, ukaze mpaka damu isimame. Utauma vibaya sana, na usiulegeze kwa sababu hiyo. Andika saa uliyofunga. Kinena na kwapa havifungiki kwa mkanda. Hapo unashindilia kitambaa ndani ya jeraha na kukandamiza kwa uzito wako wote. Baadaye nitaomba wawili tufanye mazoezi.

Na mshambuliaji? Akikimbia, mwache. Haki ya kujihami huishi maadamu hatari ipo. Ukimfukuza ukampiga mgongoni, mnabadilishana viti mahakamani.

Kisha piga simu polisi, mwenyewe, mapema. Taja mahali, sema umeshambuliwa, omba gari la wagonjwa, na useme umevaa nini. Hapo kwenye nguo huwa mnacheka. Lakini askari anayekuja hajui nani ni nani. Anachokiona ni mtu mwenye bastola na mwingine anayevuja damu. Hatari ilianza kupungua, na wewe mwenyewe unaweza kuirudisha kwa kugeuka ghafla. Kama ni salama kuiweka, bastola isiwe mkononi wakifika. Viganja wazi, fuata amri. Wakikulaza na kukutia pingu, lala, mtabishana siku nyingine. Kuwa upande wa haki hakusomeki usoni.

Maelezo sasa. Mwambie afande ni yupi aliyekushambulia, mashahidi ni akina nani, kisu kimeangukia wapi, kabla watu hawajakipiga teke. Kisha omba wakili, kwa adabu, unyamaze. Si kwamba una la kuficha. Kumbukumbu ya saa ile huwa vipandevipande: mtu husema alifyatua mara mbili, maganda ya risasi yanaokotwa matano, na sasa ameandikwa mwongo ilhali alisema alichokiamini. Sheria za nchi hazifanani, kwa hiyo mtafute wakili huyo leo, namba yake uijue kwa kichwa. Simu yako wanaweza kuichukua.

Mikono itatetemeka, pengine utatapika. Usiku usingizi hauji, au unakuja na picha. Mwili wa kawaida hufanya hivyo. Yasipopungua baada ya wiki kadhaa, muone daktari. Wanaume hapa hili hamlipendi, naona.

Haya, wale wawili wa mkanda, pandeni. Wewe kijana wa bastola, anza wewe.