Kibarua ni Karatasi

Asalaam aleikum. Wazee wangu, na nyinyi vijana mliojazana pale mlangoni, ahsanteni kwa kuja baada ya sala ya isha.

Nianze na neno lenyewe. Kibarua ni barua ndogo. Zamani, mtu wa kazi ya kutwa katika pwani hii alipewa kijikaratasi jioni. Akakihifadhi, siku ya malipo akakirudisha, akapewa chake. Karatasi ikampa mtu jina. Leo jina tumebaki nalo, karatasi imepotea. Na mahali nilipofanyia vibarua vingi zaidi bila hata mstari mmoja wa maandishi ni vyuo vikuu, ambako hata ufunguo wa choo hutiliwa saini.

Nimechekecha mchanga kwa wachimbuaji wa mambo ya kale, nimezunguka na hojaji, nimesimamia mitihani, nimefundisha kama mhadhiri wa muda. Kazi za chuo si ngeni huku kwetu Lamu. Kisiwa cha Manda alichimba mtafiti Neville Chittick tangu miaka ya 1960, Shanga kule kisiwani Pate akaja mwenzake Mark Horton miaka ya 1980. Kule Mambrui, karibu na Malindi, Chuo Kikuu cha Peking kilichimba pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya kuanzia 2010. Majina hayo yanajulikana. Lakini kila shimo linataka watu wa kubeba karai, wa kuosha vigae, wa kulinda usiku. Msimu ukiisha, wageni hufunga masanduku, na wewe hurudi barazani kungoja mashua nyingine.

Sasa, sheria. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inasema kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Basi yule anayekwambia "wewe ni kibarua, utalipwa tukimaliza", amekwisha kujipinga mwenyewe. Halafu kuna kifungu cha 37. Ukifanya kazi siku mfululizo zikajumlika mwezi, au ukipewa kazi isiyotarajiwa kwisha chini ya miezi 3, wahesabiwa mwajiriwa wa mwezi, na kukuondoa kunataka notisi ya siku 28 kwa maandishi. Siku ya mapumziko ya wiki imo katika hesabu hiyo. Mkataba wa wiki 6 mliokubaliana wazi ni jambo jingine, huo utakwisha siku yake. Na mkataba wa miezi 3 au zaidi ni lazima uandikwe, na anayeuandika ni mwajiri, si wewe.

Mwaona basi kwamba haki yote hii imesimama juu ya kuhesabu siku. Na hapa Lamu kuhesabu siku kuna shida yake.

Mwaka mmoja tulipelekwa Kiunga na hojaji, malipo kwa kila hojaji iliyojazwa. Ilikuwa kusi imekaza. Siku nne nahodha alitazama bahari akatikisa kichwa. Nyumba nyingine zilikuwa zimefungwa, watu wako shamba. Safari ya Pate nayo mwaijua: Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, haupitiki maji yakitoka, waketi gatini saa tatu ukingoja. Tuliporudi, kijana aliyekuwa na orodha akanilipa hojaji nilizojaza, basi. Zile siku za kungoja? Akanishangaa. Chakula changu, mashua yangu? Akasema tulikubaliana. Kweli tulikubaliana, kwa mdomo, nami sikuuliza. Kosa nusu lilikuwa langu, nusu hiyo naikubali mpaka leo.

Tangu hapo kabla ya kupanda mashua nauliza: siku ya bahari mbaya nalipwa? Nauli ya nani? Nikiumia shimoni nani atanipeleka hospitali ya King Fahd? Tena naomba kuiona leseni ya utafiti ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi inayoruhusu utafiti. Mtafiti wa kweli huitoa haraka, wala haoni vibaya.

Kufundisha ndiko kulikoniuma zaidi, kwa sababu ya heshima. Wanafunzi wakuita mwalimu, mpaka muuza samaki akupunguzia bei! Nilifundisha muhula mzima, nikasahihisha mitihani, nikapeleka alama. Malipo yangu yalikuja baada ya mwaka na miezi miwili, pungufu. Wakasema saa za mwezi wa mwisho hazionekani kwenye rekodi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari nilikuwa nalo, la mahudhurio ya wanafunzi. Langu mwenyewe sikuwa nalo.

Kuna mkono naona.

(Kijana mmoja aliuliza: na kama huna karatasi yoyote, umeshapoteza?)

La, mwanangu. Sheria hiyo hiyo inasema mwajiri akishindwa kuleta mkataba au maelezo yaliyoandikwa mahakamani, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi ni wake. Kwa hivyo usiogope kwenda kwa afisa wa leba. Lakini nionyeshe simu yako. Zile jumbe za M-Pesa ulizolipwa, ule ujumbe wa saa kumi na moja alfajiri, "njoo gatini, boti yaondoka": umezifuta?

(Akacheka, akasema alizifuta kwa kuwa simu ilijaa.)

Basi ya kesho usifute. Na leo usiku, kabla hujalala, andika siku unazozikumbuka.